Hewa ya Kitulizo

Alinijia tabibu mmoja wa meno, kijana aliyesomea kazi yake Mbeya na ambaye sasa anaitumikia hapa Sumbawanga, akaniuliza: "Mwalimu, ile gesi ambayo Waingereza huiita ya kucheka, nikitaka kumweleza mgonjwa niiite nini?" Swali lake sikulipuuza, kwa sababu nimewaona wazee waliosafiri kutoka Laela na Matai, shavu limefura na usingizi umewatoka siku kadhaa, nao walipofikishwa mbele ya kiti na kuiona sindano, wakaaga kwa adabu na kurudi na maumivu yao. Fazaa ya namna hiyo ni maradhi juu ya maradhi, na tiba yake huanza katika neno.

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyozoeleka hospitalini. La kwanza ni ganzi, ambayo hufisha hisia za mahali pamoja, ilhali mtu mwenyewe yu macho na hofu yake yote iko pale pale. La pili ni nusukaputi, ambayo huondoa fahamu zote. Neno hili wengi hulinasibisha na lugha ya Wajerumani, wale waliojenga boma lao Kasanga na kupaita Bismarckburg, na ndani yake mna harufu ya kitu kilichovunjika, kana kwamba mgonjwa amekufa nusu. Baina ya hayo mawili ipo hali ya tatu isiyo na jina: mtu yu macho, asikia, ajibu, lakini moyo umeshuka mahali pake na koleo halimtishi tena. Hiyo ndiyo hali iletwayo na oksidi ya naitrasi, ile gesi aliyoiulizia kijana.

Mwanakemia Priestley aliipata mwaka 1772, naye katika maandishi yake aliziita gesi zote kuwa ni namna za hewa. Mwanakemia mwingine, Humphry Davy, aliivuta mwenyewe mjini Bristol mwaka 1799, akaona kwamba ilimpunguzia maumivu ya ufizi, akaandika mwaka uliofuata kwamba huenda ikafaa katika upasuaji. Lakini watu wakashika kicheko, wakaacha shauri. Zaidi ya miaka arobaini ilipita hewa hiyo ikiwa tamasha la jukwaani, mpaka Desemba 1844, Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford huko Marekani, alipoivuta na kung'olewa jino lake pasipo kusikia uchungu. Mwezi uliofuata alikwenda Boston kulidhihirisha jambo hilo mbele ya wanafunzi wa utabibu. Mgonjwa akalia, na ukumbi ukamcheka Wells. Katika habari yote hii, kicheko hicho cha Boston ndicho kinisikitishacho zaidi.

Kwa hiyo siafiki "gesi ya kuchekesha". Katika Kiswahili mtu achekeshaye huheshimiwa, lakini achekwaye amevunjiwa hadhi, na mgonjwa mwenye hofu hatakawia kudhani kwamba yeye ndiye atakayefanywa kichekesho. Tena tupo katika mji ambao jina lake wenyeji hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi". Dawa inayosifiwa kwa kumtoa mtu kicheko kisicho na sababu haitapokewa kwa amani. Neno "gesi" nalo limekwisha kuchukuliwa na jiko, na atajiwapo mtungi wa gesi mama wa nyumbani hukumbuka moto. Hewa ni neno kongwe, pole, na hospitalini watu wamezoea kusikia hewa ya oksijeni. Kitulizo nacho kinajulikana hata kwa mtoto. Basi napendekeza: hewa ya kitulizo, na tendo lenyewe, kutuliza kwa hewa.

Mgonjwa huvishwa kinyago kidogo puani, kinywa kikabaki wazi kwa kazi. Huanza na oksijeni tupu, kisha tabibu huongeza hewa ya kitulizo kidogo kidogo, aghalabu mpaka asilimia 30 au 50, na mashine imeundwa isiruhusu oksijeni ishuke chini ya asilimia 30. Sindano ya ganzi haiepukiki, ila hupokewa kwa utulivu. Kazi ikiisha huvuta oksijeni tupu kwa dakika tano hivi, na akili hurejea timamu. Mwenye mafua yaliyoziba pua haimfai, na katika baridi ya Juni na Julai huku Ufipa watu hao si haba.

Lipo jambo jingine lituhusulo sisi wa uwandani. Nguvu ya hewa hii haitegemei asilimia peke yake, bali hata kanieneo ya hewa ya mahali. Na Sumbawanga, iliyo takriban mita 1,800 juu ya bahari, kanieneo hiyo ni kama sehemu nne kwa tano ya ile ya Dar es Salaam. Asilimia 50 ya hapa, basi, humtuliza mtu kama 40 ya pwani, na tabibu aliyefundishwa ufukweni hana budi kulikumbuka hilo.

Nilimwandikia yule kijana maneno ya kumwambia mgonjwa. Akayasoma kwa sauti, akalifuta neno "usiogope", akisema kwamba wagonjwa wake wakilisikia hutazama huku na huku kutafuta cha kuogopa. Yaliyobaki ni haya: "Shikamoo, mama. Utavuta hewa ya kitulizo kwa pua. Utakuwa macho, utanisikia, na ukitaka nisite, inua mkono wa kushoto."