Diski Rudufu Pekee Hazitoshi Kulinda Kumbukumbu za Umma

Jalada la mgonjwa, hati ya kiwanja na stakabadhi ya kodi za wananchi wa Moshi na vijiji vya mlimani kama Marangu na Kibosho zinazidi kutunzwa kwenye kompyuta. Zikiwa katika diski moja, diski hiyo ikiharibika zote hupotea.

Kinga iliyozoeleka katika seva ni mfumo wa diski rudufu uitwao RAID, ulioelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Katika muundo rahisi, diski mbili huandikwa taarifa zilezile. Katika muundo mwingine, diski nne za terabaiti 4 kila moja hutoa nafasi ya terabaiti 12. Nafasi inayobaki hubeba hesabu za kuijenga upya yoyote itakayokufa. Ujenzi huo huweza kuchukua saa nyingi, na ikifa diski ya pili kabla haujakamilika, hakuna kinachosalia.

Mfumo huo umesimama juu ya dhana kwamba diski hufa mojamoja. Mlima Kilimanjaro unaonyesha udhaifu wake. Ndani ya diski ya kuzunguka, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa kubebwa na hewa, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha matumizi kuwa takriban mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini, chini ya mita 1,000, hakuna tatizo. Horombo, kituo cha wapanda mlima kilichofikishiwa intaneti na TTCL mwaka 2022, kiko mita 3,720. Hewa huko ni nyepesi, kichwa huikaribia mno sahani, na diski zote nne hukabiliwa na hatari ileile kwa wakati mmoja. Zinazofaa ni diski za kielektroniki, zisizo na kichwa wala sahani.

Radi, moto na wizi navyo havichagui diski. Faili likifutwa kwa makosa, hufutika kote papo hapo. RAID hutii amri, haiulizi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mtunzaji wa taarifa kuzilinda zisipotee. Kwa hiyo zahanati ya mlimani yenye RAID bado inahitaji nakala ya akiba katika jengo jingine, iliyokwisha kujaribiwa kurejeshwa. Nakala hiyo ikipelekwa Moshi mjini kila wiki, seva ikiungua zitapotea kumbukumbu za siku zisizozidi saba.