Ng'ombe walichanjwa, moshi ukapungua: historia ya hewa ya Serengeti

Ukikaa Tarime, kule juu milimani, mwezi wa saba au wa nane, jioni unaliona jua likizama upande wa ziwa likiwa jekundu kama kaa la moto. Mtoto wa Kikurya haulizi kuna nini. Anajua: Serengeti inaungua. Nimekua nikiona hivyo kila kiangazi, nikadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Nilipoanza kusoma kemia ya anga ndipo nikagundua kwamba moshi ninaouona mimi ni mabaki tu. Babu yangu aliona mwingi zaidi. Na kilichoupunguza si askari wa hifadhi wala sheria. Ni sindano ya ng'ombe.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika kupitia Eritrea, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuwa umeshatua huku kwetu. Uliua ng'ombe, nyati na nyumbu bila kubagua. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wamebaki mifupa kwa njaa. Kwa Wakurya, ambao ng'ombe ndiye mahari na ndiye heshima ya mtu, nadhani huhitaji kuelezwa hali ilikuwaje.

Watu wakahama, mifugo ikaisha, vichaka vikafunga sehemu nyingi na mbung'o wakaingia. Baadaye moto ukarudi kwa nguvu. Wafugaji walichoma ili majani mabichi yaote, wawindaji na warina asali nao walichoma kwa sababu zao. Lakini moto peke yake haufiki mbali kama hakuna cha kuunguza, na hapo ndipo sotoka ilipokuwa bado inafanya kazi yake kimyakimya. Ugonjwa haukuwa umeondoka. Kila mwaka uliwamaliza ndama wa nyumbu, kwa hiyo kundi halikukua. Nyasi zikabaki nyingi, zikakauka, zikasubiri kiberiti.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, idara za mifugo zikachanja ng'ombe wa vijiji vilivyoizunguka Serengeti. Hakuna aliyechanja nyumbu hata mmoja! Lakini kumbe ugonjwa ulikuwa ukitoka kwa ng'ombe kwenda porini. Chanzo kilipozibwa, nyumbu nao wakapona. Madaktari wa mifugo walipopima damu, waliozaliwa baada ya mwaka 1963 hawakuwa tena na dalili ya kuugua sotoka. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa kama 250,000. Kufika mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni 1.3.

Sasa piga hesabu mwenyewe: midomo milioni moja ya ziada, kila siku, kwenye nyasi zilezile. Eneo linaloungua kila mwaka likashuka sana. Miti midogo ambayo zamani ilikuwa inababuliwa kabla haijafika kimo cha mtu ikapata nafasi ya kukua. Ricardo Holdo na wenzake walipochambua takwimu za miongo kadhaa, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2009, waliona Serengeti ilibadilika kutoka sehemu inayotoa kaboni hewani kuwa sehemu inayoihifadhi.

Hayo ni ya ardhini. Mimi huwa natazama juu.

Kwa muda mrefu wanakemia waliamini uchafu wa hewa ni mambo ya viwanda na magari ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1979 Mholanzi Paul Crutzen (huyo aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1995 kwa kazi yake juu ya ozoni) pamoja na wenzake walionesha kuwa kuungua kwa misitu na nyasi za nchi za joto nako hutoa gesi nyingi: kaboni monoksidi, oksidi za nitrojeni na nyinginezo. Jua likizipiga gesi hizo, zinatengeneza ozoni.

Hapa wengi huchanganya. Ozoni ya juu, kwenye kilomita 20 na kitu kutoka ardhini, inatukinga na miale mikali ya jua. Ozoni ni ileile, lakini ikiwa chini tunapovuta pumzi inaumiza mapafu na inaingia kwenye majani ya mazao. Maharage hasa hayaivumilii. Tena haizaliwi pale pale penye moto. Inatengenezwa njiani, moshi ukisafiri. Kiangazi pepo za kusini mashariki huusukuma moshi wa Serengeti kuelekea kwetu Tarime, ziwani na Kenya.

Na moshi si gesi tu. Una chembechembe ndogo sana, na matone ya mawingu hujijenga juu ya chembe kama hizo. Zikizidi, maji yaleyale yanagawanyika kwenye matone mengi madogo, na matone madogo hayaanguki upesi kama mvua. Mchana upepo wa ziwa hupanda milima yetu ukakutana na upepo wa mashariki, ndiyo maana ngurumo za Tarime huja alasiri. Usiku mambo hugeuka, radi zinahamia ziwani, kwa wavuvi. Moshi ukiingia katika mzunguko huo, unaingia kwenye mtambo ambao tayari una mambo mengi.

Kituo cha karibu kinachopima ozoni kwa maputo, kuanzia ardhini hadi kilomita 30 hivi, kiko Dagoretti, Nairobi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na Waswisi wamekuwa wakirusha puto mara moja kwa wiki tangu mwaka 1996. Yaani vipimo vilianza wakati mioto mikubwa ya Serengeti ilishapungua. Hewa ya enzi za babu tunaisoma kwa kupitia nyumbu na miti, kama mtu anayekadiria karamu kwa kuhesabu sahani chafu.

Mara nyingi nasikia wanavijiji wa Serengeti na Tarime wakilaumiwa kwa moto, na kweli wapo wanaochoma. Ila hifadhi nayo huchoma, mapema kiangazi, ili kuzuia moto mkali wa baadaye. Na ng'ombe waliochanjwa walikuwa wa wanavijiji haohao. Hilo sijawahi kulisikia likitajwa kwenye mkutano.

Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Likizo iliyopita nilimsimulia babu habari hii yote. Akasikiliza, akasema, "Mura, sisi tulipeleka ng'ombe wachanjwe ili wasife. Hayo ya nyumbu na mawingu hatukuyajua." Kisha akauliza kama hiyo ozoni ndiyo inayomkoholesha bibi jikoni. Nikamwambia hapana, babu, huo ni moshi wa kuni.