Kasi Moja Iliyobaki

Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ilitoa magari yenye hita iliyovuta hewa ya nje, ikaichuja na kuipasha kwa maji moto ya injini. Feni ya hita ilipozoeleka garini, likaja swali la namna ya kuipunguza kasi. Jibu lililotawala kwa miongo mingi lilikuwa rezista: nyaya zilizosokotwa, zinazobana umeme kabla haujafika kwenye mota. Katika mpangilio uliozoeleka, kasi ya juu kabisa haipiti humo. Ndiyo maana rezista ikiungua, feni hubaki na kasi hiyo tu, na anayekimbilia kununua mota mpya (nao si wachache) amemhukumu asiye na kosa.

Kuna watakaosema huo ulikuwa ubahili wa watengenezaji: umeme unapotea bure kama joto, hata rezista ikabidi iwekwe kwenye njia ya hewa ili ipozwe na feni ileile. Kweli, unapotea. Lakini kifaa kilikuwa rahisi, fundi alikipima kwa mita, na kasi iliyobaki ndiyo hasa ifaayo kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Pingamizi zito zaidi ni kwamba rezista mpya nayo huweza kuungua upesi. Hapo mota hurudi kizimbani: bushi zilizokauka huifanya ivute umeme kupita kiasi. Transista zilizofuata, zinazokata na kurudisha umeme mara nyingi kwa sekunde, hupoteza nguvu kidogo. Zikifa, feni huweza hata kusimama kabisa.