Kufuli Kuu la Linux na Kazi ya Kuling'oa katika NFS

Linux 2.0, iliyotoka Juni 1996, ndiyo toleo thabiti la kwanza la kerneli hiyo kuweza kuendesha kompyuta yenye prosesa zaidi ya moja. Alan Cox alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na njia iliyochaguliwa ilikuwa nyepesi: kufuli moja kwa kerneli nzima. Ilikuwa kama nyumba ya vyumba vingi yenye ufunguo mmoja tu. Anayetaka maji jikoni humngoja aliye ukumbini. Kwa wakati ule uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mashine za prosesa mbili zilikuwa chache, na msimbo wote ulikuwa umeandikwa kwa imani kwamba hakuna mwingine anayegusa data ileile kwa wakati uleule.

Kufuli hilo lilikuwa na tabia mbili zilizokuja kuwatesa warithi wake. Programu iliyokwisha kulishika iliweza kulishika tena bila kujikwamisha, na ilipolala ikingoja diski au mtandao, kufuli liliachiwa lenyewe, kisha likashikwa upya ilipoamka. Kwa hiyo mtu aliyesoma msimbo hakuweza kujua kwa yakini ni data gani inalindwa, wala ulinzi huo unakatika wapi.

NFS, mfumo wa kutumia faili za kompyuta nyingine kupitia mtandao, ulibuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Katika Linux ya mwishoni mwa miaka ya 1990, upande wa mteja na upande wa seva vyote vilikaa ndani ya kerneli, juu ya tabaka la RPC linalopeleka maombi na kupokea majibu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika chini ya kufuli kuu.

Madhara yake yalipimwa vizuri na Chuck Lever, pamoja na Peter Honeyman wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika makala waliyoitoa mwaka 2002 kuhusu kasi ya kuandika faili kupitia NFS. Waligundua jambo la kushangaza: seva ilipokuwa na kasi zaidi, programu ya mteja iliandika polepole zaidi, ingawa ilikuwa inaandika kwenye kumbukumbu ya kompyuta yake yenyewe. Sababu ilikuwa kufuli. Seva ikijibu upesi, mteja hutuma maombi mapya mara nyingi zaidi, na tabaka la RPC lilikuwa likishika kufuli kuu muda wote wa kukabidhi data kwa msimbo wa mtandao. Prosesa ya pili, iliyotaka tu kuweka data kwenye kumbukumbu, ilibaki ikingoja. Msimbo wa mtandao wenyewe haukulihitaji kufuli hilo hata kidogo, hivyo liliweza kuachiwa kabla ya kutuma. Dosari nyingine ilikuwa orodha ndefu ya maombi iliyopekuliwa moja baada ya jingine. Nafasi yake ilichukuliwa na jedwali la heshi. Marekebisho yote yalipojumlishwa, kasi ya kuandika ilipanda zaidi ya mara tatu. Ni ushahidi mzuri kwamba kupima hutangulia kukata: bila vipimo, lawama ingeangukia seva au waya.

Kuling'oa kufuli lote kulichukua miaka mingi zaidi. Ingo Molnar alianzisha juhudi mahususi mwaka 2008, na Arnd Bergmann akaifikisha mwisho. Miongoni mwa sehemu za mwisho kusafishwa ni ile inayosimamia kufuli za faili, zile ambazo programu huomba ili zisiandike faili moja kwa pamoja. Huduma ya NFS inayopitisha maombi hayo mtandaoni iliitegemea, kwa hiyo mojawapo isingeweza kubadilishwa peke yake. Toleo la 2.6.39, la Mei 2011, halikuwa tena na kufuli kuu.

Mbali na kufuli kuu, seva ya NFS ilikuwa na foleni zake. Mwaka 2006 Greg Banks wa kampuni ya SGI aligawa nyuzi za seva katika makundi, ili prosesa za mashine kubwa zisigombee foleni moja. NFS ya toleo la 4 ilileta kikwazo kipya, kwa kuwa seva hutunza kumbukumbu za nani amefungua faili ipi, na zote zililindwa na kufuli moja. Jeff Layton na wenzake waliliondoa katika Linux 3.17 ya mwaka 2014, wakiweka makufuli madogo na hesabu za marejeo kwa kila kitu kinachotunzwa.

Upande wa mteja ulibaki na njia moja ya TCP kwa kila seva, na maombi yote yalisongamana hapo. Tangu Linux 5.3 ya mwaka 2019, msimamizi wa mfumo anaweza kufungua hadi njia 16.