Kuhitimu na Deni la Msomi

Lugha huhifadhi historia ambayo wenyewe tumekwisha kuisahau. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayehesabu siku zilizobaki kabla ya mitihani husema kwamba muhula unakwisha. Aghalabu hakumbuki kwamba neno hilo, lililotujia kutoka Kiarabu, lina maana ya muda anaopewa mtu ili atimize jambo, kama vile mdaiwa anavyopewa muhula na mdai wake. Kadhalika, anaposema kuwa amehitimu, hutumia neno lililokuwa la mtoto aliyemaliza kusoma Kurani kwa mwalimu wake. Na neno chuo lenyewe, ambalo leo hutufanya tufikirie majengo ya ghorofa na maktaba, kwa Waswahili wa kale lilikuwa jina la kitabu, na pia jina la mahali watoto walipofunzwa kukisoma.

Maneno haya matatu yanatufunulia jambo moja: kwa fikira za wazee wetu, elimu ilikuwa na muda wake, ilikuwa na mwisho ulioshuhudiwa na watu, na ilikuwa na wadai wake. Insha hii inakusudia kueleza jinsi fikira hiyo ilivyoingia katika historia ya chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu, na jinsi kila kizazi cha wasomi kilivyolazimika kulijibu upya swali lile lile: msomi anadaiwa nini, na nani?

Katika miji ya pwani, kama Bagamoyo, Kilwa na Unguja, mtoto alipelekwa chuoni angali mdogo. Aliketi juu ya jamvi, akajifunza herufi kwa ubao, akapanda kutoka sura hadi sura. Mwalimu hakuwa na mshahara wa mwezi. Wazazi walimpa ada kwa vipindi, na wanafunzi walimtekea maji, wakamtafutia kuni, wakamsaidia shambani. Siku mtoto alipohitimu, wazazi walimtunza mwalimu na kuwaalika jirani kwa karamu. Sherehe hiyo haikuwa ya mtoto peke yake. Ilikuwa ni kuutangazia mji kwamba kuanzia siku ile mtu huyo anaweza kuitwa kusoma msibani na harusini, na kuwafundisha wadogo wake.

Huko bara nako, makabila mengi yaliwaweka vijana faraghani katika jando na unyago. Walifunzwa na wazee na makungwi, wakatoka wamekwisha kukabidhiwa wajibu wa watu wazima. Kijana aliyetoka jandoni hakuulizwa atafanya kazi gani, kwa sababu jamii ilikuwa imekwisha kumwekea kazi tayari. Hatuna haja ya kuyapamba maisha hayo. Kijana hakuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua njia yake. Lakini palikuwa na agano linaloeleweka: jamii ilimfunza, naye akaitumikia, naye akiitumikia, jamii haikumwacha bila mahali pa kusimama.

Ukoloni ulilivunja agano hilo. Shule zake zilikusudiwa hasa kutoa makarani, wakalimani na walimu wachache wa kuisaidia serikali ya kigeni, na Tanganyika haikujengewa chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, iliyoanza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi na ambayo mwaka 1949 ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Mwalimu Julius Nyerere alisoma huko kuanzia 1943 hadi 1945, kisha akaenda Edinburgh na kupata shahada yake mwaka 1952. Watu wa namna yake walihesabika kwa vidole. Mwalimu mwenyewe alizoea kukumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12 tu.

Ndiyo sababu viongozi hawakungoja uhuru ufike ndipo waanzishe chuo. Tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha Sheria, kwa kuwa somo hilo halikuwa likifundishwa Makerere wala Nairobi. Na wanafunzi wake wa kwanza hawakuzidi 15. Shahada zilikuwa bado za London. Mwaka 1963 Dar es Salaam, Makerere na Nairobi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 wanafunzi wa Dar es Salaam walihamia kilimani, mahali ambapo hadi leo huitwa Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 nchi tatu zilikwisha kugawana, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake, Mwalimu akiwa Mkuu wa Chuo.

Katika miaka hiyo si mwanafunzi peke yake aliyekuwa na muhula. Taifa nalo lilijiwekea muhula wake. Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1964, ulitangaza kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi iwe imejitosheleza kwa wataalamu wa ngazi za juu. Miaka 16 ilikuwa michache mno kwa kazi kubwa kama hiyo. Kwa hiyo serikali ilimlipia mwanafunzi masomo, chakula na malazi, naye akafunga ahadi ya kuitumikia nchi kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hakuzunguka ofisi kwa ofisi akitafuta ajira. Alingoja kupangiwa kituo: wizara, shule, au baadaye shirika la umma. Wasiwasi wake haukuwa kama atapata kazi au hatapata, bali kama atapelekwa mjini au mkoa wa mbali.

Mwalimu alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo asiporudi, si mkosefu wa kawaida, amewasaliti waliomwamini. Mfano huu ulieleweka kwa urahisi, kwa sababu ulikuwa ni lile agano la kale likisemwa kwa maneno ya taifa jipya.

Hata hivyo, kulieleza deni ni jambo moja, na kukubaliana juu ya kiasi chake ni jambo jingine. Mwezi wa Oktoba 1966 ilitungwa sheria ya kuwalazimisha wahitimu kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2. Sehemu ya muda huo wangekaa kambini, na sehemu iliyobaki wangefanya kazi zao za kitaaluma huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu. Walilalamika kwamba masharti ni magumu na kwamba wenye vyeo wanaishi kwa anasa huku wakiwataka wengine wajinyime. Baadhi yao walibeba mabango ya kudai kwamba enzi ya mkoloni ilikuwa afadhali.

Maneno hayo yalimchoma Mwalimu, maana nchi ilikuwa haijatimiza hata miaka 5 ya uhuru. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao siku hiyo. Jambo hili husimuliwa mara nyingi, na husimuliwa kana kwamba liliishia hapo. Lakini sehemu ya pili ya kisa ndiyo yenye fundisho. Mwalimu hakuyatupa malalamiko yote ya wale vijana. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akapunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya viongozi wengine wa juu ikapunguzwa pia. Miezi michache baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha liliweka miiko ya uongozi. Wanafunzi wengi walirudishwa masomoni mwaka huo huo. Basi katika mgogoro ule mdaiwa alikumbushwa deni lake, lakini mdai naye alikubali kujipima kwa kipimo kile kile.

Jaribio jingine lilikuja Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma. Iliamuliwa kwamba kijana asitoke kidato cha 6 na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Sharti kwanza aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, na apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama. Shabaha ilikuwa nzuri: mtu aujue ulimwengu wa kazi kabla ya kusomea uongozi wa kazi. Madarasa ya Mlimani yalipata watu wazima waliokwisha kuona shule za vijijini na viwanda, na ambao waliuliza maswali ambayo kijana asiye na uzoefu asingeyauliza.

Lakini utaratibu huo ulikuwa na gharama. Wasichana waliotoka shuleni na kukaa miaka nje wengi wao waliolewa na kulea, wasirudi tena masomoni. Na waliosoma hisabati na sayansi walisahau mengi waliyojifunza. Haikupita miaka mingi serikali ikawaruhusu wanawake waingie moja kwa moja, na katika miaka ya 1980 sharti lenyewe likalegezwa. Somo la historia hapa ni dhahiri: muhula usiotazama hali ya mtu anayepewa unaweza kumnyima nafasi badala ya kumsaidia.

Wakati huo huo matunda ya juhudi yalionekana. Kitivo cha Tiba kilianzishwa Muhimbili mwaka 1968, cha Kilimo Morogoro mwaka 1969, na cha Uhandisi Mlimani mwaka 1973. Kile cha Morogoro kilikua hata mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na cha Muhimbili nacho mwishowe kikawa chuo kikuu kamili. Nchi iliyoanza na wahandisi 2 ilianza kuwafunza wahandisi wake yenyewe.

Kisha hali ya uchumi ikabadilika. Dhiki ya miaka ya 1980, na masharti ya kurekebisha uchumi yaliyofuata, yalipunguza uwezo wa serikali wa kuajiri. Mashirika ya umma mengi yaliuzwa au kufungwa. Katika miaka ya 1990 ile desturi ya kumpangia kazi kila mhitimu ilikoma, na mwaka 1994 hata mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa yalisimamishwa, yasirudi hadi mwaka 2013. Vyuo vikuu navyo viliongezeka, vya umma na vya binafsi, na idadi ya wahitimu ikapita mbali nafasi zilizokuwapo. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, mtu mwenye shahada aliweza kukaa nyumbani miaka kadhaa bila kazi, na mzazi aliyeuza ng'ombe au shamba ili amsomeshe akabaki haelewi kosa liko wapi.

Deni halikufutwa, lilibadilika sura. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mkopaji aliyeajiriwa. Tutazame tofauti. Msomi wa mwaka 1966 aliambiwa aache asilimia 60 ya mshahara wake kwa muda uliojulikana, lakini kazi alikuwa na hakika nayo. Msomi wa siku hizi anadaiwa fedha zilizoandikwa kwa jina lake, anakatwa kidogo zaidi kila mwezi, lakini hana hakika ya mshahara wa kukatwa. Yule wa kwanza alilia kwa sababu alitakiwa mno; huyu wa pili analia kwa sababu haoni anayemtaka.

Ni kweli kwamba mwanafunzi anao wajibu asioweza kumtupia mwingine. Muhula una tarehe zake. Kazi isiyowasilishwa kwa siku yake haipokelewi kwa sababu ya udhuru mtamu, na anayecheza mwanzoni hujikuta mwishoni katika mitihani ya marudio, au pengine anaondolewa chuoni, jambo ambalo wanafunzi wenyewe wamelipa jina la kudisko. Haba na haba hujaza kibaba. Shahada hupatikana kwa kurasa chache zinazosomwa kila siku. Tena asidhani kwamba kazi ni kiti cha ofisini tu. Mhandisi aliyefungua karakana, na mtaalamu wa kilimo aliyelima shamba lake na kuwafunza majirani, nao wamehitimu kwa maana ile ya zamani, kwa sababu watu wananufaika na walichokijua.

Lakini historia tuliyoisimulia haituruhusu kumwachia kijana mzigo wote. Muhula ni agano la watu wawili. Anayedai anao wajibu wa kuweka masharti yanayotimizika, na kumwonyesha mdaiwa njia ya kulipa. Chuo cha pwani kilimpa mhitimu mahali msibani na harusini. Jando lilimpa nafasi katika ukoo. Taifa changa la miaka ya 1960, pamoja na umaskini wake, lilimpa kituo cha kazi. Kizazi chetu kinawapa vijana joho na mahafali, na picha nzuri mbele ya Ukumbi wa Nkrumah. Hayo yote ni mema, lakini hayatoshi.

Mwalimu wa sekondari anayewaandaa wanafunzi wake kwa chuo kikuu atafanya vema kuwasimulia mambo haya, ya mtaa wa Lumumba, ya Oktoba 1966 na ya Musoma, wayajue pande zote mbili. Wajue kwamba wanadaiwa na wakulima waliowalipia. Na wajue pia kwamba wao, watakapokuwa viongozi, watadaiwa na vijana watakaokuja nyuma yao wakiwa na shahada mkononi, wakiuliza mahali pa kuanzia kulipa.