Nani Alisema Trauma ni ya Wazungu?

Kuna sentensi moja ambayo wengi wetu tumeisikia nyumbani. Unajaribu kueleza kwamba kuna kitu kilikupata na hakijaisha, hulali poa, moyo unaenda mbio bila sababu. Halafu mtu mzima anakukata: "Hayo ya trauma ni mambo ya wazungu. Sisi tuko ngumu."

Nilikuwa nadhani hayo ni maneno tu ya wazee. Kumbe kuna mtu aliwahi kuyaandika kama sayansi, tena akiwa amefanya kazi hapa hapa Nairobi, Mathari.

Anaitwa J. C. Carothers. Alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni, alifika Kenya 1929, na 1938 akapewa hospitali ya Mathari aisimamie, ingawa wakati huo hakuwa na mafunzo ya maana ya magonjwa ya akili. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani, naam, WHO yenyewe, likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo ndani anasema hatutumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, na anatufananisha na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kuikata sehemu hiyo. Anasema pia kwamba ule ugonjwa wa huzuni nzito ni nadra kwetu.

Alijuaje? Kwa sehemu kubwa alihesabu watu walioletwa Mathari. Sasa fikiria ni nani alikuwa analetwa Mathari enzi hizo. Ni yule aliyepiga watu sokoni, yule polisi walimkamata. Mama aliyekaa kwa nyumba yake miezi sita bila kuongea na mtu hakuna aliyemleta. Basi kwa rekodi za daktari, mama huyo hakuwepo.

Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya Kenya ikamlipa aeleze Mau Mau. Kambi zimejaa watu, vijiji vinachomwa, na daktari wa akili anaulizwa watu hawa wana shida gani kichwani. Walichofanyiwa hakikuwa swali. Hilo lilingoja hadi 2013, Uingereza ilipokubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso ya kambi zile. Hapo wengi wa wenzao walikuwa wamezikwa kitambo.

Kwa hivyo ukiskia "ushirikiano wa kimataifa wa wataalamu", usifikirie mara moja kitu kizuri. Huu wa 1953 pia ulikuwa wa kimataifa.

Waliompinga walitoka kwetu na pembeni yetu. Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique aliyefanya kazi Algeria wakati wa vita vya ukombozi, alimshambulia Carothers waziwazi. Nigeria, Thomas Lambo alifanya kitu ambacho mimi naona kina akili zaidi: alienda kuhesabu upya. Aliungana na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wakatoka hospitalini wakaenda vijijini karibu na Abeokuta kuongea na watu wa kawaida. Kitabu chao kilitoka 1963. Dalili za huzuni walizikuta tele. Ilibidi tu mtu abishe hodi.

Lakini huzuni ni kitu kimoja na kiwewe ni kingine. Jina PTSD, yaani ule ugonjwa wa msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha, liliingia kwa kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka wa 1980, sana sana kwa sababu ya wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam. Hapo mzae wako ana pointi: jina lilitoka kwa wazungu kweli. Swali lililobaki ni kama kidonda pia ni chao peke yao.

Jibu lilikuja kwa njia ambayo hakuna mtu angeiomba.

Ijumaa, 7 Agosti 1998, asubuhi. Pale makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, ambapo leo kuna bustani ya kumbukumbu. Kulisikika kishindo kidogo kwanza. Watu wa ofisi za karibu wakafanya kitu ambacho mimi na wewe tungefanya: wakaenda dirishani kuangalia. Halafu bomu lenyewe likalipuka. Jengo la Ufundi likaanguka, na vioo vikaingia kwa nyuso na macho ya waliokuwa wamesimama dirishani. Nairobi peke yake walikufa zaidi ya 200, karibu wote Wakenya, na maelfu wakaumia. Dar es Salaam ililipuliwa asubuhi hiyo hiyo.

Madaktari wa akili wa Kenya wakiongozwa na Frank Njenga wakaanza kazi huku vifusi bado vinachimbwa. Walitumia hata redio, TV na magazeti kuambia watu kwamba kutolala na kushtukashtuka baada ya kitu kama hicho si wazimu. Nchi ilikuwa na madaktari wa akili wachache sana, so fikiria hiyo kazi. Na ndani ya miezi mitatu ya kwanza wakakusanya fomu za Wakenya 2,883. Waliziandika baadaye pamoja na Jonathan Davidson wa Chuo Kikuu cha Duke, zikatoka 2004 katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia PTSD. Waliokuwa na hali mbaya zaidi ni pamoja na walioumia, waliofiwa, walioishiwa pesa baada ya mlipuko, na hii ndiyo iliyonishika, wale ambao hawakuwa wamemweleza rafiki yeyote.

Kisha kuna ile ya pili. Miaka mitatu kabla ya Nairobi, Aprili 1995, bomu lilikuwa limelipua jengo la serikali Oklahoma City na kuua watu 168. Carol North na Betty Pfefferbaum walikuwa wamewahoji manusura huko. Sasa timu yao ikaja kuhoji wa Nairobi, na 2005 wakaweka miji hiyo miwili kando kwa kando: watu 227 wa hapa, 182 wa kule. Viwango vya PTSD na vya huzuni nzito vilifanana. Hata dalili iliyoashiria ugonjwa zaidi ilikuwa moja: kukwepa, kufa ganzi, kutotaka kukumbuka. Yaani ile "sisi tuko ngumu" yenyewe.

Tofauti ilikuwa mahali watu walikimbilia. Wa Oklahoma walienda kwa daktari, kwa familia na marafiki, wengine kwa dawa na pombe. Wa Nairobi walienda kwa Mungu. Sicheki hapo, kanisa na msikiti ndizo zilikuwa karibu na hazilipishi.

Hivyo ndivyo Carothers alijibiwa, miaka hamsini na kitu baadaye, kwa kuuliza watu wa miji miwili na kulinganisha majibu. Na hakuna mahali nilifunzwa hii shuleni. Majibu ya watu wetu yako London, kwa Kiingereza cha madaktari, ilhali sentensi ya 1953 bado inatembea bure kwa kila sebule.

Kuna kitu kingine kinaniuma. Sayansi ilisema kidonda ni kimoja, lakini pesa haikukubaliana nayo. Mwaka wa 2021 Sudan ilitoa dola milioni 335 kwa waathiriwa wa Marekani wa mashambulizi kadhaa, haya ya 1998 yakiwemo. Wakenya wa kawaida waliokuwa tao siku hiyo, wauzaji, makarani, wasafiri wa mat, hawakuwa kwa hiyo hesabu. Kila Agosti manusura wanarudi pale kwa bustani kuuliza swali lile lile.

Anko wangu mmoja alikuwa tao siku hiyo. Hajawahi kujaza fomu ya mtu. Juzi tulikutana kwa hoteli fulani, nikamweleza kuhusu utafiti wote huu, hasa hiyo ya kumweleza rafiki. Alinisikiza hadi mwisho, akakoroga chai, akasema wazungu wanapenda kuhesabu.

Halafu akaniomba tubadilishane viti, mimi nikae upande wa dirisha.