Banda la kuku wazazi

Banda la kuku wazazi ni sehemu iliyotengwa kwa jogoo na mitetea waliochaguliwa, ili mayai ya kuangulisha yatoke kwa wazazi wanaojulikana. Wafugaji wa kuku wa kienyeji Afrika Mashariki hulitumia kutunza aina kama kuchi, kuku mrefu mwenye misuli, ambaye sifa zake hupotea akichanganyika ovyo na wengine.

Jogoo mmoja hutosha mitetea 8 hadi 10. Banda huwa na sakafu kavu yenye maranda, vichanja vya kulalia na kiota kimoja kwa mitetea 4 au 5. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki 2 au zaidi. Hivyo, jogoo akibadilishwa, husubiriwa wiki 3 hivi kabla ya kukusanya mayai. Mayai huwekwa mahali penye ubaridi, ikiwezekana yasizidi siku 7, na huanguliwa baada ya siku 21 za kuatamiwa.

Jogoo hapaswi kupanda binti zake, kwani uzazi wa ndugu hupunguza uanguaji na uhai wa vifaranga. Wazazi huchanjwa dhidi ya kideri mara kwa mara.